Kuandikishwa si Kuhitimu

Msomaji mpenzi, ukimwuliza mzee wa Mombasa alisoma chuo gani, usishangae akikutajia jina la mwalimu badala ya jina la jumba. Kwetu pwani chuo ni pale mtoto anaposomeshwa Kurani, na kwa wazee wetu wa zamani chuo kilikuwa ni kitabu chenyewe. Mimi nilipelekwa chuoni nikiwa na umri wa miaka 5, juzuu kwapani, kabla sijaijua skuli. Na neno "kuhitimu", ambalo leo hutumiwa kwa wavaao majoho, sisi tulilijua huko huko. Maana yake ilikuwa kuimaliza Kurani, juzuu zote 30. Aliyeanza hakuitwa mhitimu.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya ndugu yangu wa kike.

Ndugu yangu huyu, ambaye nampita kwa miaka 4, amekuwa akifundisha watoto wa chekechea tangu mwaka 1995. Vijana wengi wa mtaa wetu walijifunza kushika kalamu mkononi mwake. Cheti hakuwa nacho. Kazi alifunzwa na mwalimu aliyemtangulia, kama vile seremala anavyofunzwa na seremala. Hilo halikumsumbua mtu mpaka elimu ya chekechea ilipokabidhiwa serikali za kaunti mwaka 2013, kazi zikaanza kutangazwa. Naye akaomba. Akaulizwa, cheti ki wapi? Nafasi ile akapewa msichana mwenye cheti, na msichana mwenyewe ni yule aliyefundishwa a, e, i, o, u na ndugu yangu huyu huyu. Simlaumu msichana. Alikuja nyumbani kumwamkia mwalimu wake, na machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Basi akiwa na miaka 43 ndugu yangu akajiandikisha katika chuo cha ualimu wa chekechea, masomo ya wakati wa likizo, Aprili, Agosti na Desemba, kwa muda wa miaka miwili. Siku ile tulifurahi mno. Pilau ilipikwa, majirani wakaitwa, nami nikamtungia beti 12 nikazisoma barazani, watu wakapiga makofi. Mwaka wa kwanza akaumaliza vizuri.

Mwezi wa Machi wa mwaka wa pili mumewe akafariki. Ajuaye sheria yetu anajua kuwa mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10. Likizo ya Aprili ikampita yumo ndani. Alipokwenda chuoni mwezi wa Agosti, karani alimwambia kuwa amekosa kikao kizima, kwa hivyo ajiunge na walio nyuma yake, aurudie mwaka wote, na karo ailipe upya. Hakuwa na karo ya kulipa upya. Alikuwa na watoto watatu na matanga ya kulipia. Akarudi nyumbani.

"Kaka," aliniambia baadaye, "wamenirudisha kwa alifu."

Neno hilo "baadaye" ndilo linalonisuta. Aliponiambia, ilikuwa imepita miaka 3. Mimi niliyetunga beti 12 siku ya kuandikishwa, sikumwuliza hata siku moja amefikia wapi. Nilidhani yumo. Na chuo kile, kilichochukua picha yake siku ya kuingia ili ipambe ubao wa matangazo, hakikupiga simu hata mara moja kuuliza mama yule yuko wapi.

Sasa na tukitazame chuo chetu cha zamani. Mwalimu wangu alikuwa na wanafunzi zaidi ya 40 katika ukumbi mmoja, na ilikuwa tabu kupata wawili walio ukurasa mmoja. Huyu yuko kwenye alifu, yule yuko kwenye amma, mwengine amekaribia kuhitimu. Kila mtu husikilizwa peke yake, akishika, husogea. Palikuwa na baharia mmoja mwenye ndevu, akikaa mkekani pamoja nasi watoto. Akienda safari hukosekana miezi kwa miezi. Akirudi, hufungua msahafu pale alipotia ukindu wa alama. Mwalimu humsikiliza ukurasa wa nyuma, kuona kama haukumtoka, kisha humwambia, "Endelea." Sitaki kukipamba chuo kile kupita kiasi, kwani fimbo yake naikumbuka hata leo. Lakini mwalimu wangu alijua jambo moja ambalo karani yule hakulijua, kwamba alichokwisha kukisoma mtu ni chake, na safari au msiba haumnyang'anyi.

Nchi yetu ni hodari wa kuandikisha. Mwishoni mwa mwaka 1978 serikali ilitangaza vita dhidi ya ujinga wa kutojua kusoma, na mwaka 1979 ikaunda idara maalumu ya elimu ya watu wazima. Mama zetu wakaenda madarasa ya ngumbaru, daftari mkononi. Mwaka 2004, baada ya karo ya shule za msingi kuondolewa, Mzee Kimani Maruge akaingia darasa la kwanza mjini Eldoret akiwa na miaka 84, na picha yake ikazunguka dunia. Wanaoikumbuka picha ile ni wengi. Wanaokumbuka kwamba machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 yalimng'oa Eldoret, na kwamba alihamia Nairobi akatafuta shule nyingine ili aendelee, ni wachache. Alifariki mwaka 2009 angali mwanafunzi. Kwangu mimi ushujaa wake mkubwa ulikuwa huo wa kurudi darasani baada ya kufukuzwa na vita. Lakini kamera hazikai mlangoni kungoja wanaorudi.

Haki ya Mungu, sheria hazikosekani. Mwaka 2014 ilipitishwa sheria ya kuweka vyeti vyote vya nchi katika ngazi moja, na mwaka 2024 serikali ikazindua sera ya kutambua ujuzi alioupata mtu nje ya darasa, ili fundi apimwe kwa anachokijua na apewe cheti chake. Mitihani ya serikali ya mafundi, daraja la 3 hadi la 1, iko tangu zamani. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake mwaka 2023, na mtu aweza kusoma akiwa kwake. Yote hayo ni mema. Lakini sera iliyo Nairobi haimfai mtengeneza mashua wa Lamu wala mpishi wa Kisauni, mpaka pawe na mtu wa kumkalisha chini amweleze kwa Kiswahili anachotakiwa kuleta, mahali pa kukipeleka, na gharama yake yote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Mimi naona mambo matatu yanatakiwa, na hakuna hata moja linalohitaji jumba jipya.

Kwanza, kila chuo kinachopokea watu wazima kiwe na mtu ambaye kazi yake ni kuwafuata. Mwanafunzi akikosa vipindi viwili, apigiwe simu. Kijana wa miaka 19 akikosa darasa, mara nyingi mzazi wake atasikia. Mama wa miaka 43 akikosa, mzazi ni yeye mwenyewe.

Pili, pawe na ruhusa ya kusimama. Mtu mzima hufiwa, huzaa, huuguza, huhamishwa kazini, na kwetu pwani huenda baharini kwa msimu. Somo alilolifaulu liwekwe kwa jina lake, na akirudi aulizwe lililobaki tu. Karo nayo ikatwe vipande vidogo anavyoweza kuvilipa. Cheti kinachofungiwa kabatini kwa ajili ya deni hakimletei mwenyewe kazi ambayo kwayo angelilipa deni hilo.

Tatu, vyuo viache kutangaza idadi ya walioingia peke yake. Vitangaze na idadi ya waliomaliza. Mkulima haringi kwa mbegu alizotupa shambani; hungoja mavuno ndipo aseme.

Najua wapo watakaosema kwamba hivyo ni kulegeza elimu na kugawa vyeti kama njugu. La, hasha! Mtihani na ubaki ule ule, na mgumu kama ulivyo. Sikuomba ndugu yangu asamehewe hata swali moja. Ninachouliza ni kwa nini alipe na kuketi mara mbili kwa masomo aliyokwisha kuyafaulu.

Wapo pia wa mtaani wanaouliza mtu wa miaka 50 anataka cheti cha nini, karibu astaafu. Jawabu ni kwamba cheti ndicho kinachopima mshahara wake leo. Neno shahada kwa asili yake ni ushahidi. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyetupa neno "runinga" na aliyefariki mwaka 2017, ujuzi wake aliuchota kwa wakubwa wake na kwa wazee wa Lamu, na maprofesa wa nje walifunga safari kuja kumwuliza. Yeye jina lake lilimtolea ushahidi. Mwalimu wa chekechea wa Majengo hana jina la namna hiyo. Akisimama mbele ya meza ya ajira, ushahidi wake ni karatasi, na asipokuwa nayo miaka yake 30 ya kazi huhesabiwa kuwa si kitu.

Nami mshairi sina budi kujitoza faini, kwa ubeti huu mmoja:

Mlango ukifunguka, si mwisho wa mapokezi,
Mgeni akishafika, mwonyeshe penye makazi,
Na ngazi akizishika, awe nyuma mwangalizi,
Kuanza ni kwa haraka, kumaliza ndiyo kazi.

Mwezi uliopita nilikwenda naye chuo kingine. Mwalimu mmoja mama aliyafungua makaratasi yake, akayasoma moja moja, akahesabu kwa kidole, kisha akasema, "Umebakiwa na masomo manne na mazoezi ya kufundisha." Ndugu yangu alimwomba alirudie neno hilo. Ataanza likizo ya Desemba. Safari hii sijamtungia kitu na pilau haijapikwa. Kila Ijumaa jioni nampigia simu nikamwuliza amefikia wapi. Beti zake ziko, lakini nitazisoma siku ya kuhitimu.