Picha Inayosema Fasi Uliposimama



Mwezi huu tunajibu swali ambalo wachimbaji wametuuliza mara nyingi, hapa Nyankunde na pale Bunia vilevile. Kijana mmoja alilisema hivi: "Pasta, mimi nilipiga foto tu ya shimo letu. Sikuandika jina la fasi, sikuambia mutu. Namna gani mutu wa mbali anaweza kujua iko wapi?" Hili si swali la mchezo. Katika Ituri yetu, tangu dhahabu ilipoonekana kule Kilo mwaka 1903, kujua shimo zuri liko wapi ni mali, na mara nyingi ni damu pia.

Mnakumbuka foto za zamani, zile za filme. Mama aliandika nyuma kwa kalamu: jina la mtoto, siku, na mahali. Foto ya telefone au ya kamera ya siku hizi nayo ina mgongo wake, ila hauonekani kwa macho. Masini yenyewe inaandika huko bila kukuuliza: siku, saa, aina ya kamera, na mara nyingi mahali uliposimama. Wajapani walipatana juu ya namna ya kuandika mambo hayo mwaka 1995, wakaiita Exif. Anayepata foto yako, akifungua mgongo huo katika ordinateri, anasoma yote. Hahitaji kuwa mwenye akili nyingi. Mtoto wa shule anaweza.

Mahali panapatikana kwa njia ya GPS. Hizi ni setilaiti ambazo Wamarekani walizituma angani kwa kazi ya jeshi lao, ya kwanza mwaka 1978, na kazi yote ikatimia mwaka 1995. Zinazunguka juu yetu kilometa zaidi ya elfu 20. Kila moja inapiga kelele yake ikitaja saa kamili, na masini iliyo mkononi mwako ikisikia setilaiti nne inapiga hesabu na kujua iko wapi. Zamani Wamarekani walikoroga hesabu ile kusudi, ili asiye askari akosee hata mita 100. Mwezi wa tano mwaka 2000 waliacha kukoroga. Leo, chini ya mbingu wazi, kosa ni mita chache tu.

Sasa sikieni vizuri, sababu wengi wanajidanganya hapa. Masini inasikiliza tu, haisemi na setilaiti. Kwa hiyo haihitaji rezo, haihitaji inite wala mega. Pale porini ambako huwezi kuita hata mke wako, GPS inaendelea kuandika. Ndani ya shimo haisikii kitu, ni kweli. Lakini nani anapiga foto yake ya furaha ndani ya giza? Wote wanapanda juu kwanza, wananawa uso, ndipo wanapiga.

Hesabu yenyewe inaandikwa kwa digrii. Nyankunde iko karibu 1,43 kaskazini na 30,03 mashariki. Kwa tarakimu hizo mbili nyuma ya koma mgeni atafika kijijini, basi. Akipewa nne, atafika kwenye nyumba, maana tarakimu ya nne ni mita 11 hivi. Akipewa tano, atakuuliza kwa nini umekata mwembe ulioonekana katika foto.

Lakini masini nayo inakosea, na ni vizuri kujua. Ukiwasha telefone baada ya safari na kupiga foto palepale, inaweza kuandika mahali pa mwisho ilipopajua. Foto ya Komanda inasema Bunia. Tena kamera nyingi hazina GPS ndani. Nikon walitoa moja, Coolpix P6000, mwaka 2008, lakini watu wengi wa mashirika walifanya kwa njia nyingine: wanabeba GPS mfukoni inayoandika njia yote, na jioni ordinateri inalinganisha saa ya foto na saa ya njia. Hapo kila kitu kinasimama juu ya saa ya kamera. Sisi wa Ituri tuko saa 2 mbele ya saa ya Greenwich, Kinshasa wako saa 1, Uganda saa 3. Mtu akitoka Kampala bila kurudisha saa ya kamera yake, foto aliyoipiga Bunia itawekwa pale alipofika saa moja baadaye, labda njiani juu ya moto akija huku kwetu. Telefone inajirekebisha yenyewe, kamera haijui mipaka.

Basi, hatari iko wapi? Mwezi wa 12 mwaka 2012, tajiri mmoja wa Marekani, John McAfee, alikuwa akitafutwa na polisi wa Belize, akajificha. Waandishi waliokuwa naye walitoa foto yake kwa intaneti, na mgongo wa foto ile ulisema wazi: Guatemala. Mtu mwenye feza nyingi, tena aliyetajirika kwa programu za kulinda ordinateri, alionyeshwa na foto moja. Kule Afrika Kusini mbuga nyingine zimeweka matangazo kuomba wageni wafunge GPS wakipiga foto ya kifaru, sababu majangili nao wanasoma.

Kwetu mimi nafikiri habari ya mfalme Hezekia, katika 2 Wafalme sura ya 20. Wageni walitoka Babeli na salamu nzuri na zawadi, naye kwa furaha akawaonyesha nyumba yote ya hazina, feza na dhahabu na manukato. Isaya alipokuja alimwuliza wameona nini. Siku hizi hatuhitaji kungojea wageni wa Babeli. Kijana anashika gramu chache za dhahabu mkononi, nyuma yake shimo linaonekana, anamtumia rafiki, rafiki anatumia mwingine. Kesho yake watu wenye silaha wanajua njia.

Njia ya kujilinda ni rahisi. Fungua kamera ya telefone, ingia katika reglaje, tafuta neno la Kifaransa "localisation", uifunge. Ujue pia kwamba WhatsApp ukituma foto kwa njia ya kawaida inaondoa maandiko ya mgongo, lakini ukiituma kama dokima, inakwenda nayo yote. Wengi wanatuma kama dokima ili foto ibaki safi, hawajui wametuma na njia ya kufika.

Nisisikiwe vibaya na wakubwa wa serikali. Sisemi watu wafiche karieri ili wakwepe kodi au waingize watoto ndani ya shimo. Tangu mwaka 2009 shirika la Wabeleji linaloitwa IPIS, la mji wa Antwerpen, linaandika vituo vya wachimbaji wadogo katika mashariki ya Kongo, kila kimoja na GPS yake, na ramani yao iko wazi kwa intaneti. Humo mnaonekana pia ni nani mwenye silaha anayekula jasho la wachimbaji. Kazi ile ni nzuri, maana dhuluma inapenda fasi isiyo na jina. Lakini kuna tofauti kati ya mpimaji anayekuja mchana, amejulikana na shefu na wachimbaji, na foto ya kujisifu inayozunguka usiku.

Na sasa upande ambao unanigusa zaidi. Mwezi wa 9 mwaka 2018, kule Bukavu, baraza la kijeshi liliwahukumu wakuu wawili wa FDLR kifungo cha maisha juu ya mauaji ya Kamananga na Lumenje ya mwaka 2012. Kati ya ushahidi kulikuwa foto zilizopigwa kwa programu ya telefone inayoitwa eyeWitness, iliyotolewa mwaka 2015. Programu ile inaandika mahali, siku na saa, na inafungia foto ili mtu asiibadilishe. Hili la kufungia ni kubwa, sababu mgongo wa foto ya kawaida unaweza kuandikwa upya na mwongo. Foto ya kaburi ikifika mbele ya waamuzi, wakili wa mwuaji anauliza mara moja: "Nani anajua hii ni fasi gani?" Safari ile foto ilikuwa na jibu.

Sisi hapa tunajua uzito wa jibu hilo. Tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka 2002, Nyankunde ilishambuliwa, na katika siku zile watu zaidi ya 1000 waliuawa, wagonjwa wa hospitali wakiwa kati yao. Wengi walizikwa haraka, na waliobaki walikimbia kwa miguu kuelekea Oicha. Hakuna aliyekuwa na telefone ya kuandika mahali. Wanaojua nani amelala wapi ni wazee na wamama, na kila mwaka wanapungua. Majani yanaota, nyumba mpya zinajengwa.

Ndiyo sababu naomba viongozi wa makanisa, hapa na katika kila parokia iliyopita katika vita, wafanye kazi moja kabla ya mvua kubwa. Chukueni kijana mwenye telefone nzuri na mzee anayekumbuka. Hapo "localisation" iwashwe. Simameni nje, mbali na mabati na miti mikubwa, ngojeni dakika chache kusudi masini isikie setilaiti, kisha mpige foto ya kila kaburi linalojulikana. Fanyeni vilevile kwa mawe ya mipaka ya kiwanja cha kanisa na cha shule, maana jiwe la mpaka lahama usiku, nasi tumechoka kwenda mbele ya shefu kila msimu wa kulima. Foto za kaburi msizitume ovyo. Jamaa waulizwe kwanza.

Tena msiziache katika telefone. Telefone inaibwa, inaanguka majini. Nakilini hesabu zote mbili, ya kaskazini na ya mashariki, na tarakimu tano nyuma ya koma, pamoja na jina la marehemu na jina la mzee aliyeonyesha, katika daftari ya kanisa, kwa biki, na nakala ya pili iwekwe katika kanisa la jirani.