Tusimsingizie Mungu Njaa ya Handeni



Kila mvua za vuli zinapokosekana Handeni na Korogwe, tunasikia msemo uleule katika vikao vya kijiji na hata katika jumuiya zetu ndogo ndogo: “Nchi yetu ni kavu, tufanyeje? Ni mapenzi ya Mungu.” Msemo huo una sura ya unyenyekevu, lakini ndani yake mna uongo. Ukame hutoka angani. Njaa hutengenezwa na wanadamu. Anayechanganya mambo haya mawili humtwika Mwenyezi Mungu mzigo wa watu wenye majina na vyeo.

Hali ya hewa yetu

Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda milima ya Usambara na kumwaga mvua kwenye miteremko ya mashariki. Amani, upande wa Muheza, hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Zikiisha kuvuka milima, pepo hizo huwa zimekauka. Ndiyo maana katika wilaya moja ya Korogwe watu wa Bungu na Vugiri hujitanda mashuka kwa baridi ya Julai, huku wenzao wa Mombo, chini ya milima, wakitazama mawingu yanayopita bila kutua.

Handeni nayo ina misimu miwili: vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Ugumu wake mkubwa ni kwamba mvua hazitabiriki. Huchelewa, hukatika mahindi yanapotoa mbelewele, kisha hushuka kwa kishindo siku chache. Mwezi Oktoba 2019 mafuriko yaliua watu na kukata barabara ya Korogwe kwenda Handeni. Maji mengi namna hiyo hukimbilia baharini. Miezi michache baadaye akina mama huamka alfajiri kutafuta ndoo moja. Je, mbingu ndizo zilizokataa kuchimba malambo?

Historia inashuhudia

Katika miaka ya 1830 njaa kali iliipiga Uzigua. Watu walishuka pwani kutafuta chakula, na wengi wakaishia utumwani katika bonde la mto Juba, kusini mwa Somalia. Wajukuu wao walikihifadhi Kizigua huko kwa zaidi ya miaka 150, mpaka vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 vikawarudisha baadhi yao nchi ya mababu, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Mvua iliwanyima mavuno. Aliyewapakia majahazini na kuwauza alikuwa mtu.

Mwaka 1893 mkonge uliletwa, na mashamba makubwa yakaenea katika mabonde ya Korogwe. Mashamba hayo yalihitaji ardhi, na yalihitaji mikono ya vijana. Kijana anayekata mkonge wa bwana hawezi saa ileile kupalilia mahindi ya mama yake.

Maji yanapita mlangoni

Mto Pangani, unaobeba maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita Korogwe mwaka mzima. Tangu mwaka 1964 unazalisha umeme pale Hale. Katika miaka ya 1970 lilijengwa bomba kuu la kupeleka maji ya mto huo Handeni, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Mwaka 2022 mikataba mipya ya maji ya miji 28 ilisainiwa kwa mkopo wa India, na Handeni na Korogwe zimo. Hivyo haiwezekani tena kusema kwamba maji hayapo. Swali la haki ni hili: yanamfikia nani kwanza, kwa bei gani, na nani anatoa hesabu pampu inapokaa kimya?

Tazameni pia ghala. Mlanguzi hununua mahindi shambani kwa rumbesa wakati wa mavuno, kisha mkulima yuleyule huyanunua kwa bei ya kuumiza mwezi Februari. Yusufu kule Misri aliweka akiba miaka ya shibe ili watu wasife. Sisi akiba yetu imo katika bohari ya mtu mmoja.

Tazameni misitu. Magunia ya mkaa hupangwa kando ya barabara yakingoja malori ya Dar es Salaam. Maskini mwenye shoka hukamatwa. Mwenye lori hupunga mkono na kupita. Ardhi ikiisha kuvuliwa nguo, mvua kidogo inayonyesha huondoka na udongo.

Wajibu wetu

Sala ya kuomba mvua ni njema. Lakini anayesali asubuhi na kunyamaza mchana katika Mkutano Mkuu wa Kijiji amesali nusu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano huo sauti juu ya ardhi ya kijiji, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Haki isiyodaiwa hulala kabatini.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Mapato na matumizi ya maji ya kijiji chetu yalisomwa lini hadharani?
2. Nani ananufaika na miti inayokatwa kwetu?
3. Je, tunaweza kuanzisha ghala la pamoja kabla ya mavuno yajayo? Nani ataanza, na lini?

Msiondoke kikaoni kabla ya kulijibu la tatu.