Riwaya iliyosakwa na polisi, na kwa nini Gen Z tunafaa kuisoma

MAPEMA mwaka wa 1987, serikali ya Kenya ilipata habari kwamba wakulima wa eneo la Kati walikuwa wakizungumza sana kuhusu jamaa fulani anayezunguka nchini akiuliza watu ukweli na haki vinapatikana wapi. Amri ikatoka akamatwe. Polisi walipochunguza, waligundua kwamba jamaa huyo hakuwa na kitambulisho, hakuwa na makazi, hata mwili hakuwa nao. Alikuwa mhusika wa riwaya.

Kwa kuwa mhusika hafungwi pingu, kitabu chenyewe ndicho kilichonaswa. Nakala ziliondolewa madukani.

Kisa hiki alikisimulia Ngũgĩ wa Thiong’o mwenyewe katika toleo la Kiingereza la riwaya hiyo, Matigari, aliyoiandika kwa Gikuyu na kuichapisha mwaka wa 1986 akiwa uhamishoni Uingereza.

Acha niseme ukweli. Ngũgĩ alipofariki Marekani mnamo Mei 28, 2025, akiwa na umri wa miaka 87, niliweka picha yake kwenye status kama kila mtu. Wakati huo sikuwa nimemaliza hata kitabu chake kimoja. Mimi ni mtu wa hadithi za mapenzi na za upelelezi, zile unazomaliza ndani ya matatu kabla hujafika tao. Riwaya nzito kwangu ilikuwa kitu cha setibuku: unasoma mwongozo, unakariri maudhui, unafanya mtihani, unasahau.

Nilipoanza Matigari nilikaribia kuitupa mara mbili. Wahusika wengine hawafanani na watu wa kawaida. Kuna Waziri wa Ukweli na Haki ambaye hataki ukweli wala haki, na kuna redio inayoitwa Sauti ya Ukweli inayotangaza amri za serikali. Matigari anatoka msituni baada ya vita vya ukombozi, anazika silaha zake, anajifunga mshipi wa amani na kwenda kutafuta nyumba yake. Anakuta inamilikiwa na mtoto wa yule yule aliyemtumikia mkoloni.

Kilichonifanya niendelee ni ukurasa kuhusu jaa la taka. Watoto wanatozwa pesa ndipo waruhusiwe kuingia kuokota uchafu. Ukishapita Dandora hata mara moja, huhitaji mwalimu akufafanulie hapo. Mmoja wa watoto hao, Muriuki, analala kwenye magari mabovu yaliyotupwa. Kitabu kina karibu miaka 40, lakini huyo kijana ungekutana naye kesho.

Sasa tuje kwa utata wenyewe. Matigari anazunguka akiuliza wanafunzi, mwalimu na padri ukweli na haki viko wapi, na kila mmoja anaogopa au anamkwepa. Mwishowe anaamua kwamba maneno matupu hayatoshi, mshipi wa amani ufunguliwe na silaha zifukuliwe.

Hapo mimi na kitabu tuliachana. Mwaka wa 2024 tuliingia barabarani na simu, mabango na chupa za maji. Mswada wa Fedha uliangushwa, rais akakataa kuutia saini Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni. Tulilipa bei kubwa, makumi ya vijana wakauawa. Nikiwaza bunduki zingekuwa pande zote mbili, sioni tungebaki na nini cha kuongoza. Pia sikupenda vile Guthera, mwanamke mkuu wa hadithi, anavyobebeshwa mateso ya nchi nzima kuliko kupewa maisha yake mwenyewe.

Lakini angalia kilichotokea. Kitabu kilinilazimisha nijue ninaamini nini na kwa nini. Klipu ya sekunde 30 haijawahi kunifanyia hivyo, kwa sababu mitandao hunipa kile ninachokubali tayari. Riwaya ngumu inakaa na wewe siku kumi ikikubishia. Na kuisoma si sawa na kuitia saini.

Wenye mamlaka wanalijua hili kutuliko. Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walizuiwa kuigiza Echoes of War, mchezo kuhusu vijana na uongozi mbaya. Mahakama Kuu iliamuru waruhusiwe. Walipofika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa, waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza, na polisi wakarusha vitoa machozi nje. Kutoka 1987 hadi 2025 ni miaka 38, na bado hadithi ya kubuni inatumiwa askari.

Matokeo yake? Mchezo ambao wengi hatungeusikia kamwe ulizungumziwa nchi nzima. Hata hivyo tulio wengi tuliugombania bila kujua unasema nini. Hiyo ndiyo hatari ya marufuku: upande mmoja unaogopa kitabu ambacho haujakisoma, upande wa pili unakitetea bila kukifungua. Mjadala wenyewe haufanyiki.

Kwa hivyo jaribu hivi. Chagua kitabu kimoja ambacho si cha aina yako. Kama unajua Gikuyu, una bahati, soma Matigari ilivyoandikwa. Kama hujui, kuna tafsiri ya Kiingereza ya Wangui wa Goro. Ukitaka Ngũgĩ kwa Kiswahili, tafuta Shetani Msalabani. Kipe kurasa 30 kabla ya kukihukumu. Tafuta rafiki mmoja msome pamoja, halafu mbishane.

Mimi nimebishana na beshte yangu wiki mbili sasa kuhusu ule mshipi wa amani. Hajakubali, nami sijakubali. Ila angalau sote wawili tumesoma.