SHAMBA NA NYUMBA: Tusichome Mali Yetu



Jumamosi jioni, pandeni mlima wowote hapa Bukavu mtazame chini upande wa ziwa. Mtaona moshi ukipanda karibu katika kila ua. Watoto wamefagia, wamekusanya majani makavu, maganda ya ndizi na mabua ya mahindi, wakayatia moto, kwani siku ya Bwana yapasa ikute nyumba ya Mkristo ni safi. Usafi ni jambo jema. Lakini Jumatatu mama wa nyumba ile ile hutafuta mfuko wa samadi wa kununua, apate kuotesha mbegu zake za nyanya. Kilichochomwa juzi ndicho kinachonunuliwa leo.

Juma hili nataka kuwaeleza namna ya kutengeneza nyumbani udongo wa kuoteshea miche, bila kutoa faranga kwa ajili ya mbolea. Nitawaeleza pia kosa langu mwenyewe, maana yuko mama mmoja aliyeumia kwa ajili yake.

Udongo mwekundu wa milima yetu peke yake hufaa kufyatulia matofali kuliko kuoteshea mbegu. Ukinyeshewa hushikamana, ukikauka huwa mgumu kama jiwe, na mzizi mchanga, ulio mwembamba kama uzi, hauwezi kuupenya. Mche wataka udongo unaoshika maji kwa kiasi, unaopitisha hewa, na wenye chakula. Mambo hayo matatu huletwa na mboji, yaani takataka za mimea zilizooza vema hata zikawa udongo mweusi.

Wakati mzuri wa kuanza ni mwezi wa Juni. Mavuno ya maharagwe na mahindi yamekwisha, mabua ni tele, na mvua za Septemba zitakuta kazi imekamilika. Chagueni mahali penye kivuli. Tandikeni kwanza vijiti, ili hewa ipite chini. Juu yake wekeni tabaka la vitu vikavu vilivyokatwakatwa kwa panga: mabua, majani makavu ya mgomba, nyasi kavu. Kisha tabaka jembamba la vitu vibichi: maganda ya viazi na ndizi, mabaki ya sombe na lengalenga, pamoja na kinyesi cha mbuzi, sungura au kuku. Ule mmea wenye maua ya njano kama alizeti, unaoota ovyo kando ya njia zetu, una majani yenye chakula kingi, katieni humo. Vitu vikavu viwe vikapu viwili au vitatu kwa kikapu kimoja cha vitu vibichi. Nyunyizeni maji na udongo kidogo wa bustani, kisha anzeni tabaka jingine, mpaka lundo lifikie meta moja kwenda juu, na meta moja kila upande. Lundo dogo kuliko hilo halishiki joto. Mwisho lifunikeni kwa majani ya mgomba.

Msitie nyama wala mafuta, maana huita panya na mbwa. Msitie kinyesi cha watu, cha mbwa wala cha paka, wala mimea iliyokufa kwa ugonjwa, wala majani ya mikaratusi, ambayo huchelewa kuoza na huzuia mbegu nyingine kuota. Majivu ya jikoni yatosha konzi moja moja tu.

Baada ya siku chache chomekeni kijiti katikati ya lundo, mkichomoe baadaye na kukishika. Kitakuwa cha moto. Vijidudu visivyoonekana kwa macho vinafanya kazi humo, na joto laweza kufikia digrii 60. Joto hilo huua mbegu za magugu na magonjwa mengi. Baada ya majuma mawili au matatu ligeuzeni lundo, yaliyokuwa nje yaingie ndani, na mrudie hivyo mara mbili au tatu. Kila mara kamueni konzi moja mkononi: yakitoka matone machache, maji yatosha, pasipotoka tone, ongezeni, hasa wakati wa kiangazi.

Sasa kosa langu. Mwaka wa kwanza nilipopewa bustani ya shule, tulijenga lundo mwishoni mwa Julai. Septemba mvua zikaanza, nami nikawa na haraka. Lundo lilikuwa lingali na joto, tena lilitoa harufu kali iliyochoma pua. Nikawaambia wanafunzi wajaze makopo. Mjane mmoja wa mtaa wetu, aliyepata riziki kwa kuuza miche sokoni, akaniuliza:

«Mwalimu, udongo huu umekwisha kuiva?»

«Umeiva, Mama. Chukua vikapu viwili.»

Aliamini kwa sababu aliyesema ni mwalimu. Alisia mbegu za nyanya alizozinunua kwa fedha aliyoiweka kwa karo ya binti yake wa sekondari. Miche michache tu ilichomoza, ikageuka manjano, ikanyauka. Ya shule ilikufa vilevile. Lundo ambalo halijaiva lingali linafanya kazi: vijidudu vyake huunyang'anya mche nitrojeni, ambayo ndiyo chakula chake, na mvuke wa amonia utokao katika kinyesi kibichi huunguza mizizi.

Nilikwenda kwake jioni kuomba radhi. Hakunikaripia. Alikuwa akipika, akachota maharagwe machache kwa mwiko, akasema:

«Mwalimu, mimi siwagawii watoto kabla ya kuonja. Wewe hukuonja.»

Mbegu nilimlipa. Lakini majuma yale ya mvua sikuweza kumrudishia: alipopata miche mingine, wauzaji wenzake walikuwa wamekwisha kuuza yao, na binti yake alirudi shuleni akiwa amechelewa sana.

Tangu siku hiyo ninaonja, na namna yenyewe ni rahisi. Mboji iliyoiva ni nyeusi, humumunyika mkononi, haina joto tena, na hunukia kama udongo wa msituni baada ya mvua. Lakini macho na pua havitoshi. Jazeni kopo moja mboji, na jingine udongo wa kawaida wa bustani. Sieni katika kila kopo mbegu ishirini za lengalenga, kisha ngojeni siku kumi. Miche ya kopo la mboji ikiota sawa na ile ya pili, tena ikiwa ya kijani, kazi imekwisha. Ikiwa michache au ya manjano, rudisheni mboji lundoni mwezi mmoja zaidi. Mbegu za lengalenga kila nyumba inazo. Za nyanya hununuliwa.

Ikiisha kuiva, chekecheni. Kwa kila ndoo mbili za udongo mzuri wa bustani, changanyeni ndoo moja ya mboji na ndoo moja ya mchanga. Vyungu vya miche navyo msinunue: toboeni makopo ya zamani chini, au kunjeni maganda makavu ya shina la mgomba mfano wa kikombe na kuyafunga kwa kamba. Mche wapandwa shambani pamoja na ganda lake, nalo huoza humo.

Katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alikumbusha kwamba katika maumbile hakuna kinachotupwa: mmea humlisha mnyama, na masalio yake hulisha mmea mwingine. Na katika Injili ya Luka, sura ya 13, mwenye shamba ataka kuukata mtini usiozaa, lakini mtunza shamba amwomba mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutilia samadi. Mtu yule alijua kazi ya samadi, tena alijua kungoja. Mimi nilijua ile ya kwanza tu.

Mjane yule leo ana lundo lake nyuma ya jiko, na samadi hanunui tena. Jirani akija kumwomba udongo humpa kwa furaha, lakini kwanza humwonyesha kopo lake la lengalenga.

Basi, Jumamosi ijayo, wazazi na wanafunzi, fagieni ua kama kawaida yenu, lakini msiwashe kiberiti. Kusanyeni majani pembeni, na kazi ianze.