Jua Kali na Sianobakteria: Madai Yasiyosimama

Popote inapozungumzwa spirulina ya mabwawani, au ule utando wa kijani unaofunika maji ya Ghuba ya Winam katika Ziwa Viktoria, vyote viwili vikiwa sianobakteria (bakteria wanaofanya usanisinuru), madai yaleyale kuhusu jua hurudi. Mengine yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanadumu. Nayajibu kwa sababu mtu akiyaamini atapoteza mavuno, au atawanywesha watoto wake maji mabaya.

“Sianobakteria ni wakongwe, jua haliwafanyi kitu.” Ukongwe wao haukanushiki. Oksijeni waliyoitoa ilianza kujikusanya angani yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, na bila hiyo tabaka la ozoni lisingekuwepo. Kabla ya hapo waliishi chini ya miale ya urujuanimno (UV) mikali kuliko ya leo. Lakini kustahimili si kutodhurika. Miale ya UV-B, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 280 hadi 315, huwapiga kwenye kiini cha usanisinuru: fotosistimu ya pili, mtambo unaopasua maji na kutoa oksijeni. Manganizi iliyomo humo huathirika, na protini iitwayo D1 huvunjika. Fikosianini, rangi ya bluu inayonasa mwanga, hupauka. DNA nayo haisalimiki.

Kinachowaokoa ni ukarabati. Seli hung'oa D1 iliyoharibika na kuweka mpya, tena na tena, jua likiwa bado linawaka. Ni kama mtumbwi unaovuja: hauzami maadamu anayekumba maji ana kasi kuliko tundu. Mwaka 1998 wanasayansi wa Uswidi walionyesha kwamba sianobakteria Synechococcus, ikipigwa na UV-B, huweka D1 ya aina nyingine inayohimili zaidi mahali pa ile ya kawaida. Na sianobakteria wakipewa dawa inayozuia utengenezaji wa protini, usanisinuru wao huporomoka chini ya mwanga uleule waliokuwa wakiuhimili. Basi madhara yapo kila siku. Hatuyaoni kwa kuwa yanafidiwa. Baadhi yao huongeza na kinga: skitonemini, rangi ya kahawia iliyomo kwenye ala ya nyuzi zao, ambayo mara nyingi ndiyo huupa mwamba uliolowa mvua ule weusi wake.

“Jua lenyewe litaua utando ziwani.” Dai hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu ni la hatari. Limezaliwa na jambo jema. Kuweka maji kwenye chupa ya plastiki angavu na kuyaanika juani kwa saa 6 huua vijidudu vingi vya kuhara, na jaribio lililofanywa kwa watoto wa Kimaasai nchini Kenya, likachapishwa mwaka 1996, lilionyesha kwamba kuhara kulipungua. Lakini chupa si ziwa. Microcystis, mmojawapo wa sianobakteria wanaofanya utando huo, huishi kwa makundi yaliyofungwa katika ute; walio juu huwakinga walio chini, na vifuko vya hewa huwawezesha kupanda na kushuka majini. Hata seli zikifa, tatizo halijafa. Zikipasuka humwaga mikrosistini, sumu inayoshambulia ini, ndani ya maji yaleyale. Kuchemsha hakuiondoi, na chupa juani si kinga ya kutegemea. Maji yenye utando wa kijani yasichotwe kwa kunywa, basi.

“Ozoni imetoboka, ndiyo maana heroe wameihama Nakuru.” Tundu la ozoni, lililoripotiwa mwaka 1985, hutokea juu ya Antaktika. Juu ya ikweta ozoni ni nyembamba kwa asili yake na haijabadilika sana. UV ni kali kwetu kwa sababu jua hupita utosini, na Ziwa Nakuru liko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Kila mita 1,000 za mwinuko huongeza UV kwa kadiri ya asilimia 10. Hayo yalikuwepo hata heroe walipojaa pale. Kilichobadilika ni maji: tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziwa lilifurika, magadi yakazimuliwa, na Arthrospira, yaani spirulina, chakula chao kikuu, ikapungua.

“Jua likizidi, spirulina nayo inazidi.” Weka tone la bwawa chini ya hadubini: utaona nyuzi zilizojisokota kama springi. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2005, Arthrospira iliwekwa kwenye jua halisi, na UV ikazikata nyuzi hizo vipande vipande. Aina iliyozoea kulelewa nje ilistahimili zaidi kuliko ile ya ndani ya maabara. Hapo mkulima ana la kujifunza. Mbegu iliyotoka kivulini ikamwagwa kwenye bwawa jipya, maji yakiwa bado mepesi, hupigwa hadi chini. Asubuhi ya baridi yenye jua kali ni mbaya zaidi, kwa kuwa baridi hupunguza kasi ya ukarabati bila kupunguza UV. Wavu wa kivuli siku za mwanzo huokoa mbegu. Bwawa likishakolea, kukoroga kunatosha, maana UV hupenya sentimita chache tu na kila uzi hupata zamu ya kupumzika.

Tena si kila miale ya UV ni ya kufukuzwa. UV-A hudhuru, lakini hiyohiyo, pamoja na mwanga wa bluu, huendesha kimeng'enya kinachorekebisha DNA. Kwa hiyo anayefunika bwawa aulize anafunika kwa kitu gani. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya UV-B na kupitisha UV-A nyingi. Nailoni angavu ya kawaida hupitisha zote mbili, na ile inayouzwa kwa sifa ya kustahimili UV huenda imetiwa dawa ya kuizuia yenyewe isichakae juani, si ya kukinga kilicho chini yake.