Ada ya Januari isile mtaji wa maharage

Hakuna mnunuzi wa maharage sokoni Kasulu anayelipia gunia kabla ya kulichoma bambo na kuona kilichomo. Lakini mnunuzi huyo huyo, ifikapo Januari, anaweza kumlipia mtoto wa darasa la kwanza ada ya shule ambayo hajaingia hata darasa lake moja, kwa kuwa tu jirani amempeleka wa kwake.

Tatizo la kwanza ni kalenda. Shule hufunguliwa Januari. Katika nyanda za juu za Kigoma, ambako mvua huanza Oktoba, mwezi huo mahindi yangali shambani, kahawa na tumbaku bado, na maharage ya kwanza ndiyo kwanza yanatoka. Ni wakati ambao mwenye fedha taslimu ndiye mwenye soko. Anayezitoa fedha hizo kulipa ada anaondoka sokoni siku lilipofunguka.

Uchukuliwe mfano, ambao ni wa hesabu tu na si bei ya soko. Mfanyabiashara wa Kibondo anatoa sh. 600,000 kwenye mtaji kulipa muhula wa kwanza. Kama gunia ni sh. 200,000, ameacha magunia matatu. Kama kila gunia lingemwachia faida ya sh. 40,000, naye huzungusha mtaji mara nne kwa msimu, amepoteza sh. 480,000 nyingine. Ada ya sh. 600,000 imemgharimu sh. 1,080,000.

Hii haina maana kwamba shule ya kulipia ni hasara. Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iwafungulie milango watu binafsi, zipo zilizostahili kila senti. Hoja ni kwamba shule nayo ichomwe bambo.

Bambo la kwanza ni matokeo ya darasa la saba, ambayo Baraza la Mitihani hutangaza kwa kila shule. Yasomwe ya miaka mitatu, pamoja na idadi ya watahiniwa. Shule iliyofaulisha watoto wote 12 haijathibitisha kuwa inaizidi iliyofaulisha 100 kati ya 120.

La pili ni walimu. Mzazi aulize ni wangapi waliokuwapo mwaka juzi ambao wapo hadi leo. Shule inayobadili walimu kila muhula ni duka linalobadili wauzaji kila wiki.

La tatu ni lugha. Mtoto wa Heru Juu au Mabamba anayezungumza Kiha nyumbani akipelekwa moja kwa moja kwenye masomo ya Kiingereza, anajifunza lugha na hesabu kwa wakati mmoja. Mzazi aingie darasani asikie kama mwalimu mwenyewe anaimudu lugha anayoiuza.

La nne ni lumbesa. Ada iliyoandikwa kwenye fomu ni gunia. Sare, usafiri, chakula, mitihani ya majaribio na michango ndiyo kilemba kinachoshonewa juu. Jumla yote itakwe kwa maandishi kabla ya kulipa, kisha izidishwe kwa miaka yote ya shule ya msingi, si kwa mwaka mmoja.

Wapo pia wanaoidharau shule ya serikali bila kuipima. Ada yake ilifutwa wakati wa mpango wa MMEM, ulioanza mwaka 2002, na kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ilifika kidato cha nne. Mzazi hubaki na sare, madaftari na chakula, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Ni kweli madarasa mengi yamejaa. Lakini mzazi anayetumia sehemu ndogo ya ada aliyookoa kununua vitabu, na kufuatilia daftari la mtoto kila jioni, huenda akapata faida kubwa kuliko aliyelipa akasahau.

Uamuzi huu basi usingoje Januari. Wakati wake ni Julai na Agosti, mazao yakishauzwa. Fedha ya shule itengwe hapo, mbali na mtaji, na cheti cha kuzaliwa kishughulikiwe mapema, kwani uandikishaji huanza miezi ya mwisho ya mwaka. Atakayefika Januari akiwa ameshaandikisha, atakuwa na mtoto darasani na fedha ya maharage mkononi.