MWANDISHI ASIYE NA TAJIRI NAYE NI MFANYA KAZI



Siku ya Wafanya Kazi iliyopita tulicheka sana. Wengi wenu mlikuwapo uwanjani ulipochezwa ule mchezo wa gadi na abiria aliyeficha mbuzi ndani ya gunia. Baada ya mchezo wapiga ngoma walilipwa, mwenye vipaza sauti alilipwa, na mwenye hema alilipwa kabla hajaling'oa. Mtu aliyeuandika mchezo alipewa soda mbili na kupigiwa makofi. Twaandika maneno haya kwa sababu sisi ndio tuliompelekea zile soda.

Mtu huyu mwamjua. Alikuwa mwenzetu karakanani mpaka alipopunguzwa kazi, na tangu siku hiyo anaishi kwa kalamu. Hana tajiri mmoja. Ana matajiri kumi, na kila mmoja humlipa siku apendayo mwenyewe. Leo huandika mchezo wa redio, kesho tangazo la duka, kesho kutwa hotuba ya arusi au barua ya mzee anayedai shamba lake. Huamka saa kumi za usiku kabla watoto hawajaamka, kwa maana nyumba ni chumba kimoja.

Mwaka jana afisi moja ilimwagiza hadithi kumi na mbili. Aliziandika kwa muda wa miezi miwili, wala hawakuandikiana karatasi yo yote. Alipokwenda kudai ujira aliambiwa atalipwa hadithi zitakapotumiwa. Mpaka leo hazijatumiwa. Alipotaka kuziuza mahali pengine aliambiwa si zake tena. Tulimwuliza kwa nini hakuja chamani. Akatujibu, "Chama ni cha watu wenye kazi. Mimi nina kazi gani?"

Neno hili limetuuma, maana wako wenzetu wasemao vivyo hivyo. Husema kuandika si kazi, ni starehe ya mtu aliyekaa kitako. Basi na tuwaulize: mtu wa pointi huvuta mkono mara ngapi kwa zamu moja? Hata hivyo analipwa zamu nzima, kwa sababu halipwi kwa kuvuta mkono tu, bali kwa kukaa macho. Mwandishi naye ni hivyo. Ukurasa usomao kwa dakika mbili huenda umeandikwa na kufutwa mara tano.

Tena liko jambo jingine. Fundi wa karakana akijaribu njia mpya akaharibu chuma, huenda stoo akachukua kingine. Mwandishi wa kujitegemea akijaribu jambo jipya likaharibika, ameharibu unga wa watoto wake. Mwenzetu huyu alijaribu kuandika hadithi ya vipande, akaituma kwa simu kila Ijumaa, shilingi ishirini kwa kipande. Mwanzo walilipa watu arobaini. Baada ya majuma machache walilipa tisa tu, lakini karakana nzima iliijua hadithi mpaka mwisho. Tulikuwa tukipelekeana bure, na sisi tuandikao hapa tulikuwamo.

Lakini bila majaribio ya namna hiyo, nani angetuandikia sisi? Mfikirieni David Maillu wa kule Ukambani, aliyezaliwa mwaka 1939. Alikuwa mchoraji katika Sauti ya Kenya kabla ya kuishi kwa maandishi yake. Hakungoja wachapishaji wakubwa wamfungulie mlango. Alianzisha nyumba yake ya vitabu, Comb Books, na mwaka 1973 na 1974 akatoa vitabu vyembamba vilivyosomwa na makarani, madereva na wapiga taipu, watu ambao hawakuwa wamezoea kununua kitabu baada ya kutoka shuleni. Kimoja, My Dear Bottle, ni maneno ya mlevi yaliyoandikwa kama shairi refu. Kingine, After 4:30, chasema juu ya wanawake wa maofisini na mabwana wenye tamaa. Walimu wengi walimlaumu kwa uchafu wa maneno, na mwaka 1976 vitabu vyake vilipigwa marufuku Tanzania. Comb Books haikudumu. Hata hivyo hakuweka kalamu chini. Mwaka 1989 alitoa kitabu alichochanganya Kiingereza na Kiswahili, kama watu wasemavyo mjini, akakiita Without Kiinua Mgongo. Jina hilo mfanya kazi halihitaji kuelezwa. Mwaka 1991 alitoa Broken Drum, kitabu cha kurasa zaidi ya 1,000.

Hatusemi kila neno aliloandika lafaa kusomwa mbele ya wazazi. Twasema kwamba kila jaribio alilifanya kwa hasara au faida yake, wala hapakuwa na chama nyuma yake.

Sasa na tutazame sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua wa siku akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, hahesabiwi tena kibarua wa siku. Haki hiyo tunaijua, nayo imewasaidia wengi. Lakini mwandishi wa kujitegemea kwa kawaida huhesabiwa kama mfanya biashara auzaye mali yake. Hana likizo, hana malipo ya ugonjwa, hana kiinua mgongo.

Basi mali yenyewe ni ya nani? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humpa mwandishi haki maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kufa kwake. Ni haki nzuri. Lakini kifungu cha 31 chasema kazi ikiwa imeagizwa na mtu, haki huhesabiwa kuwa imehamia kwa yule aliyeagiza, isipokuwa wawili hao wamepatana vingine. Hapo ndipo mwenzetu alipokwama. Na hapo ndipo na sisi yatupasa kuona haya, ndugu zangu. Ule mchezo wa gadi na mbuzi tuliuagiza sisi. Aweza mtu kusema ni mali ya chama, tumeununua kwa soda mbili!

Wengine watasema waandishi hawawezi kuungana, kwa maana kila mmoja yu peke yake mezani. Si kweli. Mwaka 2023 waandishi wa sinema na televisheni wa Marekani, zaidi ya 11,000, waligoma kwa siku 148. Wengi wao huhama kutoka tajiri hadi tajiri, kazi baada ya kazi. Walisimama pamoja mpaka wakapata mapatano, pamoja na masharti juu ya mashine ziandikazo badala ya watu.

Kwa hiyo twaleta mambo matatu mbele ya mkutano ujao wa tawi. La kwanza, mwenzetu alipwe mchezo wake, kwa bei ile ile aliyolipwa mwenye vipaza sauti, na karatasi iandikwe kwamba mchezo ni wake. La pili, mwanachama ye yote aandikaye kwa malipo asaidiwe na katibu kusoma mapatano kabla ya kutia sahihi; na kama hakuna mapatano, asianze kuandika. La tatu, aliyepunguzwa kazi akaishi kwa kalamu, au kwa cherehani, au kwa mkokoteni, asihesabiwe kuwa ametoka katika umoja wetu.

Mweka hazina atasema sanduku ni jepesi. Twajua. Lakini lilikuwa jepesi vile vile siku tulipolipa hema.

Tulipokuwa shule ya misheni tulifundishwa kwamba ni dhambi jua kumtulia kibarua hajapata ujira wake. Hatukufundishwa kwamba kibarua wa kalamu hayumo.